Miezi minane na Ren'Py: uzoefu wangu wa kutunga gemu ya mauaji

Tangu niipakue Ren'Py, programu ya kutungia gemu za hadithi, imepita miezi minane, na karibu kila usiku nikirudi kazini nimekuwa nayo. Nimeitumia kwa jambo moja tu: kutunga gemu ya mashabiki ya kuchunguza mauaji, ile ambayo wapenzi wa mfululizo wa gemu uitwao Danganronpa huiita fangan. Unachukua kanuni za mfululizo ule, unaumba wahusika wako mwenyewe, unawafungia mahali pasipo pa kutokea, kisha mmoja wao anakutwa amekufa. Yangu haiuzwi wala haitauzwa, maana mfululizo wenyewe ni mali ya kampuni ya Spike Chunsoft ya Japani. Naandika kwa sababu nilipoanza nilitafuta maoni ya mtu aliyetumia programu hii kutunga fumbo kwa Kiswahili, nisimpate.

Kwa asiyeijua Danganronpa, ilianza mwaka 2010 kwenye PSP, kifaa cha Sony cha kuchezea gemu mkononi, hadithi yake ikiwa imeandikwa na Kazutaka Kodaka. Wanafunzi 15, kila mmoja akiwa hodari kuliko wote katika fani yake, wanajikuta wamefungiwa shuleni chini ya amri ya dubu wa rangi mbili, nyeusi na nyeupe. Anayetaka kutoka sharti amuue mwenzake bila kujulikana. Maiti ikishaonwa na watu watatu, tangazo linalia jengo zima. Wanachunguza, wanakaa mahakamani, wanapiga kura. Wakimpata muuaji, anauawa yeye peke yake. Wakikosea, wanauawa wao wote na yeye anaondoka huru. Katika gemu yangu hodari hao nimewaita Mabingwa: Bingwa wa Bao, Bingwa wa Ususi, Bingwa wa Ushairi na wenzao, jumla 12, ndani ya hoteli kuukuu kisiwani.

Ren'Py yenyewe ni programu ya bure ya kutengeneza gemu za hadithi, zile unazosoma mazungumzo, unaona picha za wahusika na kuchagua njia. Ilianzishwa na Tom Rothamel mwaka 2004. Jina lake limeunganisha neno la Kijapani la mapenzi, ren'ai, na Python, lugha ya programu iliyojengewa. Kilichonivuta ni kwamba unaandika kama unavyoandika tamthilia: jina la mhusika, halafu maneno yake ndani ya alama za kunukuu. Kila tukio unalipa lebo, na unamrusha mchezaji kutoka lebo moja hadi nyingine. Sikuwahi kusomea kompyuta, na kwa wiki moja nilikuwa na chumba, watu wawili wanaozungumza, na mlango unaofunguka au kukataa kulingana na ulichochagua.

Nilichotaka tangu mwanzo ni kuvunja mazoea ya gemu hizi. Anayezicheza sana anayajua kama anavyojua njia ya kwenda kwao. Katika gemu zote tatu kuu za mfululizo, sura ya tatu ina maiti mbili, na fangan nyingi zimefuata hivyohivyo. Ukifika sura ya tatu huchunguzi tena, unahesabu. Unajua nani ni mzuri mno kiasi cha kutofika mwisho. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kucheza hivyo, na iliniuma, kwa sababu raha niliyoipata mara ya kwanza ilikuwa ya kutojua.

Kwa hiyo mtego wangu mkubwa nimeuweka sura ya pili, na nimeujenga juu ya lile tangazo la watu watatu. Bingwa wa Ushairi anakutwa amekufa stoo. Wanaoingia ni wawili tu, wewe mchezaji na Bingwa wa Ususi, na papo hapo tangazo linalia. Watu wawili, tangazo la watatu. Maana yake kuna mtu aliyeiona maiti kabla yenu akanyamaza. Mashabiki wamebishana miaka mingi kama muuaji naye huhesabiwa katika wale watatu, na mjuzi akifika hapa moyo unamruka: anadhani nimempa jibu. Mahakamani inabainika kwamba wa tatu ni Bingwa wa Kuogelea, na mjuzi anampigia kura bila kusita. Anakosea. Yule binti alikwenda alfajiri kuteka maji, akaiona maiti, akakimbia kwa hofu, akashindwa kusema. Muuaji ni mwingine kabisa.

Nilipomaliza rasimu ya kwanza nilimpa rafiki yangu niliyesoma naye, mtu aliyemaliza mfululizo wote, na mtoto wa mama mdogo ambaye hajawahi kugusa hata moja. Binti huyo wa mama mdogo alipata muuaji kwa kubahatisha. Rafiki yangu aliingia mtegoni kama nilivyopanga, lakini hakufurahi. Alinipigia simu usiku uleule. "Hapa umenionea," akaniambia. "Haya ya kuteka maji ulinionyesha wapi?"

Nilibaki na simu mkononi, kwa sababu alikuwa na haki. Habari ya maji nilikuwa nimeitoa mahakamani tu, kwa mdomo wa mhusika, baada ya kura. Ronald Knox, padri Mkatoliki wa Uingereza aliyeandika pia hadithi za upelelezi, mwaka 1929 alitoa amri kumi za hadithi hizo, na mojawapo inakataza mpelelezi kutumia dalili ambayo msomaji hajaonyeshwa. Baadhi ya amri zake zimechakaa, lakini hiyo bado ina nguvu zake zote. Mimi nilitaka kuvunja mazoea, nikavunja ahadi. Mazoea ni kile mchezaji anachokitarajia kwa kuwa amekiona mara nyingi. Ahadi ni kwamba kila kinachohitajika kimewekwa mbele ya macho yake. La kwanza unaweza kulipindua upendavyo. La pili ukiligusa, umemwibia.

Nikaanza upya sura nzima, na hapa ndipo Ren'Py iliponisaidia zaidi ya nilivyotegemea. Kila tukio lina lebo yake, basi niliweza kutembea lebo kwa lebo na kujiuliza: anayepita hapa anajua nini? Niliweka ndoo. Asubuhi, kabla habari ya kifo haijajulikana, ukipita ukumbini unakuta ndoo imejaa nusu, kata imeanguka pembeni, na maji yamemwagika kuelekea ngazini. Ukiigusa, msusi anasema tu kwamba bomba pekee linalotoa maji siku hizi ni lile la nyuma ya stoo. Ni sentensi moja. Mchezaji anadhani ni pambo la hoteli mbovu. Lakini mtu aliyetoka kuua hatembei na ndoo ya maji kisha akaitupa mahali kila mtu atapita.

Rafiki yangu alicheza tena nikiwa nimekaa kando yake. Alishajua mwisho, hivyo alichokuwa anatafuta ni haki yake. Alipofika mahakamani akarudi kwenye hifadhi aliyoiweka asubuhi ile, akaitazama ndoo muda mrefu, akasema, "Ilikuwepo." Nilifurahi kuliko siku nyingine yoyote ya miezi hii minane.

Sasa niseme kuhusu kurudi nyuma, maana kila anayetunga fumbo kwa Ren'Py atakutana nako. Programu inamruhusu mchezaji kuzungusha gurudumu la kipanya na kurudisha hadithi nyuma, hatua kwa hatua hadi kikomo fulani, hata kubadilisha chaguo alilofanya. Kwa hadithi ya mapenzi ni zuri. Kwa mahakama ya mauaji linaua uzito wa kura: umekosea, umerudi, umechagua mwingine. Kuna amri inayozuia, renpy.block_rollback, na mwanzoni niliimwaga kila mahali. Nikajuta. Mchezaji anayechunguza anahitaji kurudi kusikiliza tena alichosema mtu, kama unavyomwambia shahidi arudie maneno yake. Sasa nimeziba sehemu moja tu, pale kura inapoingia. Kwingine kote njia iko wazi, na naona gemu imekuwa ya haki zaidi kwa hilo.

Kosa lililonigharimu siku nne lilikuwa langu. Orodha ya vithibitisho niliitangaza kwa neno define badala ya default. Cha define ni kitu kisichobadilika na hakiingii kwenye hifadhi. Mchezaji anakusanya vithibitisho, anahifadhi, anazima kompyuta, kesho anafungua na mfuko ni mtupu. Mtoto wa mama mdogo alikuja kuniuliza, "Dada, ile kata nimeipoteza wapi?" Nikadhani amekosea njia. Chochote kitakachobadilika ndani ya hadithi kitangaze kwa default, tangu mstari wa kwanza.

Lugha haikunisumbua. Maneno ya menyu yapo kwenye faili la screens.rpy, nikayabadilisha moja moja mpaka Anza, Endelea na Hifadhi zikakaa. Zile herufi za ng' hazina shida mradi maneno ya wahusika uyafunge kwa alama mbili za kunukuu. Ukifunga kwa alama moja, "ng'oa" inakata sentensi katikati. Maelezo niliyoyasoma ni ya Kiingereza, na ni marefu, lakini yamepangwa vizuri na kila amri ina mfano.

Wazo moja nililitupa. Nilitaka msimulizi, yaani wewe unayecheza, awe ndiye muuaji wa sura ya nne. Katika Ren'Py mstari usio na jina la mhusika unasomeka kama wazo la msimulizi mwenyewe, na gemu yangu imejaa mistari hiyo. Kumficha kungenilazimu nifute mawazo yake saa ile tu ya mauaji, na msomaji makini angeliona hilo shimo, au nimfanye ajidanganye mwenyewe kimoyomoyo, jambo ambalo silikubali. Wapo walioweza. Mimi niliandika kurasa ishirini nikaona kila mstari unaniaibisha, nikaacha.

Kwa anayedhani programu hii ni ya hadithi tulivu tu, Doki Doki Literature Club ya 2017 ilitengenezwa kwayo: inaanza kama mapenzi ya shuleni, ikageuka kuwa ya kutisha, hadi ikachezea mafaili yaliyomo kwenye folda ya gemu. Mimi natumia kidogo tu ya uwezo huo, ile kumbukumbu inayoitwa persistent, ambayo hubaki hata ukianza upya. Ukimaliza gemu yangu na kuirudia, Bingwa wa Kuogelea anakusalimu kwa namna tofauti asubuhi ya ndoo. Hasemi kwa nini.

Ningemshauri nani? Mtu anayependa kuandika kuliko kuchora, na ambaye yuko tayari kuandika ratiba ya kila mhusika kwenye daftari kabla ya kufungua kompyuta, kwa sababu Ren'Py haitakuonya kwamba mtu mmoja yuko sehemu mbili kwa wakati uleule. Ina kikaguzi cha hati kinachokamata lebo isiyokuwepo au picha iliyokosekana. Mantiki ya mauaji ni yako. Mahakama ya kubishana kwa haraka, yenye saa inayohesabu, inawezekana pia, lakini utaijenga mwenyewe kwa skrini na timer, nami ilinichukua mwezi mzima. Kuitoa kwa simu za Android kunahitaji kupakua vifurushi vya ziada pamoja na JDK, zana za lugha ya programu ya Java, kwa hiyo pangilia bando lako.

Sura ya tatu ya kwangu haina maiti hata moja. Tangazo halilii. Wahusika wanaingia mahakamani wenyewe, kwa sababu ya tuhuma, na wajaribuji wanne kati ya watano wamesema ndiyo sura iliyowatisha zaidi. Wa tano anasema inachosha katikati, na namwamini, kwa hiyo wiki hii naipunguza.