Kabla ya kununua kabati refu, lilaze uione miguu yake

Mwaka jana, wiki moja kabla ya Ramadhani, nilinunua kabati refu la vipande, lile linalouzwa sanduku sanduku ukalipanga upendavyo, na likapandishwa ghorofani kwetu Mji Mkongwe likiwa katika maboksi matano. Fundi alilifunga kwa saa tatu, tukalisimamisha, na kabla sijatia hata shuka moja ndani, mlango wa kushoto ukajifungua wenyewe taratibu. Niliufunga, ukajifungua tena. Muuzaji, ambaye sitamtaja, aliniambia kwa simu kwamba nikunje kadibodi niiweke chini ya mguu wa mbele. Nilikunja ubavu wa boksi la sabuni mara nne na kabati likatulia kwa wiki mbili, mpaka maji ya kudekia yalipoilowesha ile kadibodi ikawa kama uji, na kabati likarudi kuinama kama mtu anayechungulia barazani.

Tangu hapo, kila anayeniuliza anunue kabati gani huanza na vipimo, rangi na idadi ya milango, nami humjibu kwamba hayo atayaona mwenyewe dukani bila msaada wangu. Asichokiona ni miguu, kwa kuwa dukani kabati husimamishwa juu ya vigae vilivyolala sawasawa, na juu ya vigae vile hata kabati bovu husimama kwa adabu.

Sakafu za ghorofani katika nyumba zetu za zamani zimelazwa juu ya boriti za mikoko, kisha mawe na chokaa, na boriti zilizobeba uzito kwa miaka mingi hulegea katikati ya chumba. Kabati lililoegemezwa ukutani kwa hiyo husimama na miguu ya nyuma ikiwa juu na ya mbele ikiwa chini, nalo huelekea kumwangukia yule yule anayelifungua. Wanaoishi katika nyumba za matofali ya saruji nao wasicheke, maana sakafu nyingi za chini huwekewa mteremko wa makusudi kuelekea mlangoni ili maji ya kuoshea yatoke.

Hesabu yake ni ndogo lakini inatisha. Kabati lenye kimo cha sentimita 201 na kina cha sentimita 35, likiwa na tofauti ya milimita 5 tu kati ya mguu wa nyuma na wa mbele, kichwa chake huwa kimetoka mbele kwa karibu sentimita 3. Kabati la kimo hicho hicho lenye kina cha sentimita 58, likiwa na tofauti ile ile ya milimita 5, hutoka kwa chini ya sentimita 2. Ndiyo maana sipendi makabati membamba yanayosifiwa kwamba hayali nafasi. Zaidi ya hayo, sakafu ikiwa imepinda, sanduku lenye miguu minne isiyorekebishika husimama kwa miguu mitatu huku wa nne ukining'inia. Ukipakia nguo, sanduku zima hujisokota, milango ikaacha kukutana, na watu wakazilaumu bawaba zisizo na kosa.

Kwa hiyo lilaze kabati, au muombe muuzaji alilaze, uutazame mguu. Vikofia vya plastiki vilivyopigiliwa kwa msumari si miguu, na hapo usiulize hata bei. Ukiona mguu wa skrubu unaopanda na kushuka, uliza swali ambalo sijawahi kumsikia mnunuzi akiliuliza: unazungushwa kutoka wapi? Mguu unaozungushwa kutoka chini hukulazimisha kuliinua kabati kila unapotaka kurekebisha, na kabati lililokwisha kujazwa nguo halimwinukii mtu. Mguu mzuri huwa na tundu katika ubao wa chini wa kabati, ndani, ambamo unaingiza bisibisi na kuuzungusha huku pima maji ikiwa imelala juu ya ubao na kabati likiwa limesimama mahali pake. Jambo hili ni la maana kwa sababu sakafu ya boriti huendelea kushuka kidogo baada ya kupokea mzigo, na marekebisho ya siku ya kwanza hayatoshi. Mimi nilirudia baada ya mwezi mmoja.

Nafasi ya kwanza, basi, naipa PAX, kabati la vipande la IKEA, kampuni ya samani yenye asili ya Sweden, na sifichi kwamba naipendelea. Zanzibar hatuna duka lao, lakini makabati yao yaliyotumika hufika katika makontena kutoka Dubai, na ukivumilia utalipata. Miguu yake hurekebishika, na katika lile nililonalo sasa huzungushwa kutoka ndani. Chagua kina cha sentimita 58 na kimo cha sentimita 201. Lile la sentimita 236 likifungwa likiwa limelala na kisha kusimamishwa, pembe yake ya nyuma huhitaji dari isiyopungua sentimita 243 ili ipite; dari zetu zinaruhusu, ila ngazi zetu nyembamba zina maoni yao kuhusu mbao ndefu kiasi hicho.

Kupendelea si kupofuka. Mwaka 2016 IKEA hiyo hiyo iliyaondoa sokoni nchini Marekani na kutaka yarudishwe makabati ya droo yapatayo milioni 29, yakiwemo ya aina ya MALM, baada ya watoto kuangukiwa na kufa. Sheria iliyofuata huko mwaka 2022 inataka makabati ya nguo yajaribiwe kana kwamba yamesimama juu ya zulia, na kwa uzito wa mtoto wa hadi kilo 27, yaani wameona wenyewe kwamba sakafu ya maabara siyo sakafu ya nyumbani. Hata PAX lazima ifungwe ukutani, na skrubu za ukutani haiji nazo, kwa kuwa kuta hutofautiana. Kuta zetu za mawe ya matumbawe na chokaa hazishiki skrubu moja. Kekee huingia kama katika keki na kutoa unga. Mwambie fundi afunge kwanza papi, yaani ubao mwembamba, ya mninga yenye upana wa kabati zima, kwa skrubu ndefu sita zilizotawanywa, kisha kabati alifunge kwenye papi. Miguu iwe imekwisha kurekebishwa kabla ya kazi hiyo, vinginevyo skrubu ndizo zitakazolibeba kabati.

Nafasi ya pili ni ya seremala, kwa sharti kwamba atengeneze kitako cha kabati kando, mbali na masanduku. Kitako hicho husawazishwa kwa kabari za mbao ngumu na pima maji, kisha masanduku hupangwa juu yake na kuunganishwa kwa boliti. Kazi ya namna hii ikifanywa vyema huishinda hata PAX, lakini seremala wangu alichukua malipo ya awali Mfunguo Mosi na kuleta kitako Mfunguo Tatu, nami siwezi kumpa nafasi ya kwanza mtu niliyemfuata kwake mara tisa.

Rafu za chuma za kufunga kwa boliti ni za tatu, zinafaa stoo. Makabati ya kitambaa na ya plastiki ni mepesi na ya bei nafuu, basi.

Limebaki la wauzaji. Makabati yanayotoka Dubai hufunguliwa huko kwa haraka, na miguu huwa ndiyo ya kwanza kupotea, au ndivyo tunavyoambiwa. Nilipolilaza langu la pili penye kontena nikaona matundu manne matupu, muuzaji alinihakikishia kwamba kabati la aina ile halina miguu. Nikamwonyesha alama za duara katika ubao. Akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa lililojaa miguu ya makabati ya watu wengine, akanihesabia minne na kunitajia bei yake, mbali na bei ya kabati.