Kozi ya jioni kuhusu wanawake na teolojia: inastahili ada yake, isipokuwa jioni moja

Kituo kimoja cha mafunzo ya walei hapa Dar es Salaam kinaendesha kozi fupi ya jioni inayochunguza namna teolojia ilivyoijenga nafasi ya mwanamke katika Kanisa na namna ilivyoibana. Haidai cheti chochote cha kuingilia, inafundishwa kwa Kiswahili, na ada yake haizidi bei ya doti ya kitenge kizuri. Katika awamu niliyohudhuria walikuwapo makatekista, wazee wa kanisa wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) kama mimi, viongozi wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) na wa Umoja wa Akina Mama wa Anglikana, pamoja na vijana wachache wa Kipentekoste ambao, kama mmoja wao alivyokiri bila kificho, walikuja kutafuta hoja za kumjibu mchungaji wao.

Nguvu ya kozi iko kwenye kabrasha. Badala ya kuhubiriwa kwamba mwanamke anathaminiwa, jambo tunalolisikia kila mwezi Machi, mshiriki anapewa vifungu vya maandishi yenyewe, vilivyotafsiriwa kwa Kiswahili chepesi, na anatakiwa avisome kwa sauti mbele ya wenzake kabla mwalimu hajasema neno. Jioni ya Maria Magdalena ilitosha kuonyesha faida ya utaratibu huo. Tulisoma kwanza Injili zote nne, ambamo yeye yupo msalabani na yupo kaburini, na ambamo hakuna mstari hata mmoja unaomwita kahaba. Kisha tukasoma homilia, yaani mahubiri, ya Papa Gregori Mkuu ya mwaka 591, iliyomuunganisha na Maria wa Bethania pamoja na yule mwenye dhambi asiyetajwa jina katika Luka 7, wakawa mtu mmoja. Makanisa ya Mashariki hayakufuata mkondo huo, lakini kwa Wakristo wa Magharibi shahidi wa kwanza wa ufufuko akageuka kuwa mfano wa toba ya mwili, na kwa karne nyingi akahubiriwa hivyo. Papa Fransisko alipoipandisha kumbukumbu yake kuwa sikukuu mwaka 2016, kwa heshima ile ile waliyopewa mitume, alikuwa akimrudishia cheo cha kale cha mtume wa mitume. Mama mmoja aliyekaa safu ya mbele alifunga kabrasha lake na kusema kwamba jina la jumuiya yao ni Magdalena, na kwamba kila mwaka katika sherehe ya huyo mtakatifu somo wao wamekuwa wakihubiriwa juu ya usafi wa maisha, kamwe si juu ya kupeleka habari za ufufuko.

Somo lililofuata, juu ya hoja za kumzuia mwanamke kuongoza ibada, ndilo hasa lililonifanya niandike tathmini hii. Mwalimu, padre mstaafu mwenye sauti ya taratibu, alipanga maandishi kwa mfuatano wa wakati. Alianza na Tertuliani wa Karthago, ambaye mwanzoni mwa karne ya 3 aliwaambia wanawake kwamba kila mmoja wao ni Hawa na kwamba wao ni lango la ibilisi. Akafuata Tomaso wa Akwino katika karne ya 13, aliyeikopa elimu ya viumbe ya Aristoteli na kumweleza mwanamke kuwa ni matokeo ya uzazi ambao haukufika ukamilifu wake, na ambaye kwake kizuizi cha daraja takatifu, yaani upadre, kilitokana na hali ya mwanamke ya kuwa chini: aliye chini kwa maumbile hawezi kuwa ishara ya ukuu. Hapo hoja inaeleweka hata kwa anayeipinga, kwa kuwa hitimisho linakaa juu ya sababu yake.

Ndipo tukafika kwenye tamko la Vatikani la mwaka 1976. Waraka huo unakiri kwamba maandishi ya Mababa wa Kanisa yana chembe za dharau dhidi ya mwanamke, unathibitisha usawa wa heshima yake, na hautumii tena hoja ya udhaifu wa maumbile. Msimamo, hata hivyo, unabaki pale pale kwa sababu nyingine: Kristo aliwachagua wanaume kumi na wawili, na padre altareni anasimama katika nafsi ya Kristo, hivyo inafaa afanane naye kwa jinsia. Mwaka 1994 Papa Yohane Paulo II alisogea hatua moja mbele na kutamka kwamba Kanisa halina mamlaka ya kuwapa wanawake upadre. Upande wa Waprotestanti tulioneshwa mwendo unaofanana na huo: mahubiri ya zamani yalisema Hawa alidanganywa kwa kuwa ni dhaifu, wakati watetezi wa leo wa msimamo huo huo husema mume na mke ni sawa kwa thamani ila wamepewa majukumu tofauti.

Katekista mmoja kijana aliinua mkono na kuuliza: kama sababu ya kwanza imeonekana kuwa na kasoro, ni nani aliyekaa chini kupima iwapo hitimisho linaweza kusimama bila hiyo? Padre hakukwepa. Alijibu kwamba kwa Wakatoliki na Waorthodoksi desturi yenyewe ni ya kale kuliko maelezo yake, na kwamba mtu anaweza kuacha maelezo mabaya bila kuiacha desturi. Kisha akaongeza kwamba swali hilo ni halali na halijafungwa mioyoni mwa waamini wengi. Jibu la kwanza halikuniridhisha, lakini lilitolewa kwa uaminifu, na ukumbi uliondoka ukibishana hadi kituo cha daladala.

Mambo mengine yalipitiwa haraka mno. Mashemasi wa kike, ambao Mtaguso wa Kalkedoni wa mwaka 451 uliwawekea umri usiopungua miaka 40 kabla ya kuwekewa mikono, walipata robo saa. Matengenezo ya Kanisa yalipata muda mfupi zaidi, na hilo ni kosa, kwa kuwa huko ndiko kwenye kitendawili chetu sisi Walutheri: Luther aliufundisha ukuhani wa waamini wote, lakini palipofungwa nyumba za watawa, mwanamke alipoteza mahali pekee alipoweza kusoma, kuandika na kutawala nyumba isiyo ya mumewe.

Afrika Mashariki ilisukumwa jioni ya mwisho, na hapo ndipo kozi inapopwaya. Hatukusikia chochote kuhusu Uamsho, vuguvugu la kiroho lililoanzia Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, ambamo wanawake walisimama kutoa ushuhuda mbele ya wanaume bila kungoja idhini ya sinodi. Hatukusikia kuhusu Nyambura Njoroge, aliyewekwa wakfu kuwa mchungaji wa PCEA, Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, nchini Kenya mwaka 1982, wala kuhusu umoja wa wanateolojia wanawake wa Afrika uliozinduliwa Ghana mwaka 1989 kwa juhudi za Mercy Amba Oduyoye. Uamuzi wa KKKT wa mwaka 1990 wa kuruhusu wanawake kubarikiwa kuwa wachungaji ulitajwa kwa sentensi moja, bila kueleza kwamba dayosisi ziliutekeleza kila moja kwa kasi yake. Rose Okeno, aliyewekwa wakfu kuwa askofu wa Dayosisi ya Butere ya Anglikana nchini Kenya mwaka 2021, alionekana kwenye picha tu.

Lililonikera zaidi ni mgawanyo wa masomo. Kati ya walimu wote mmoja tu alikuwa mwanamke, mchungaji anayekisoma Kigiriki cha Agano Jipya bila kuhitaji msaada, jambo tulilolijua kwa sababu wakati wa chai alitufafanulia salamu za Paulo katika Warumi 16, kuanzia Fibi wa Kenkrea hadi Yunia, kwa dakika chache zilizokuwa na faida kuliko baadhi ya vipindi vizima. Somo alilopangiwa lilikuwa malezi na ndoa. Alilifundisha vizuri, lakini nyaraka za Paulo, pamoja na kile kifungu kigumu cha Timotheo wa Kwanza sura ya 2 kinachomkataza mwanamke kufundisha, zilifundishwa na mwanamume aliyesoma kutoka kwenye maandalizi yake bila kuinua macho.

Kwa upande wa huduma, ukumbi ni safi na una feni zinazofanya kazi, vipindi vinaanza kwa wakati licha ya foleni, na aliyekosa jioni moja hupewa nakala bila kulipia zaidi. Kabrasha, hata hivyo, halina orodha ya maandishi ya Kiswahili ya kuendelea nayo, na anayetaka kusoma zaidi ataishia kwenye Kiingereza. Ningemshauri kila katekista na kila mzee wa kanisa ajiandikishe, hata kwa ajili ya somo la padre peke yake. Usajili wa awamu ijayo umekwisha kufunguliwa. Nilipopiga simu kuuliza iwapo mchungaji yule atapewa nyaraka za Paulo, nilijibiwa kwa upole kwamba yeye ameshapangiwa malezi.