Huduma ya Madiwani wa Dar es Salaam: Tathmini ya Mkazi

Nikiipima huduma ya madiwani wetu kwa mikopo isiyo na riba, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ninawapa alama nzuri, kwa sababu ni kipaumbele kinachomfikia mama lishe moja kwa moja. Kwenye mitaro ya maji ya mvua siridhiki hata kidogo. Katika kata ninayoishi mtaro ulizibuliwa kabla ya masika, tope likarundikwa ukingoni, na mvua ya kwanza ikalirudisha lote ndani, ilhali ushuru wa soko hukusanywa kila siku bila kukosa. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2017 barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini ulio chini ya serikali kuu, wala diwani hawezi kuiamuru. Hata hivyo anacho kiti katika baraza linalopitisha bajeti ya halmashauri, na humo ndimo ninamotaka sauti yake isikike, kuliko kwenye uzinduzi wa majengo. Vikao vya baraza viko wazi kwa wananchi, na ninamshauri kila mkazi ahudhurie angalau kimoja.