TAHADHARI MALINDI: shawa za "5500W" zinazotoa maji baridi

Yule tapeli aliyekuwa akiuza mafeni amerudi. Safari hii anauza shawa za umeme, na waliopigwa ni wengi kuliko wanaosema, maana mtu mzima kulipa 2,800 kisha kuoga baridi ni aibu ya kumeza kimya kimya. Basi na isemwe hapa.

Mchezo wake ni huu. Shawa kaifunga juu ya fremu ya mbao, mpira wa maji unatoka kwenye dramu, waya kauchomeka kwenye ekstensheni ya duka la jirani. "Mamangu, njoo utie mkono." Mfereji anaufungua mwenyewe, hampi mtu. Anaufungua kidogo tu, maji yatoke uzi. Anahesabu mpaka kumi kwa sauti, na mama wa watu anaurusha mkono kwa moto. "Na hapo nimeiweka katikati!" Watu wanacheka, boksi linatolewa, pesa inatumwa. Nani asingeamini? Boksi lina nailoni yake, 5500W imeandikwa kwa wino mwekundu, stika ya ubora inang'aa, na moto umeusikia kwa mkono wako mwenyewe, si kwa kuhadithiwa.

Sasa tia mita ya fundi wa umeme kwenye elementi, ile koili inayopasha maji. Inasoma karibu omu 29 (omu ni kipimo cha ukinzani; zikiwa nyingi, nguvu ni ndogo), na kwa stima yetu ya volti 240 hizo ni wati 2,000. Ya 5,500 kweli husoma kama omu 10 na nusu. Kwa lita 1 ya maji kwa dakika, wati 2,000 zinaongeza joto nyuzi 28, ndiyo maana mkono uliruka. Nyumbani shawa inatoa lita 4 kwa dakika, na joto linaongezeka nyuzi 7 tu. Alfajiri ya kusi, nyuzi 7 zitamfaa mzee gani? Ya kweli ingeongeza karibu 20. Ndipo ujue kwa nini mfereji hauachii. Mwizi mwenye hesabu!

Ukimrudia atakwambia, "Tangi lako liko chini." Jibu hilo lina ukweli kidogo, na ndilo linalowamaliza watu. Ndani ya shawa mna kiwambo cha mpira, na maji yakikisukuma ndipo vyuma vya umeme vinagusana. Tangi lisipofika hata mita 1 juu ya shawa, au kichujio kikijaa mchanga, au matundu yakizibwa na chumvi, vyuma havigusani na maji hutoka baridi kabisa. Hapo zima swichi kuu, osha kichujio, loweka uso wa shawa kwenye siki usiku kucha. Lakini maji yakipata moto ukibana mfereji na kupoa ukiufungua, kiwambo ni kizima. Kasoro ni elementi. Msimlipe fundi kupandisha tangi kwa uongo wa tapeli.

Na baridi ni afadhali kuliko kupigwa na umeme. Wenye visima anawaambia, "Hii ya maji ya chumvi." Fungua kifuniko: koili iko wazi majini. Ya chumvi elementi yake imevikwa mrija wa chuma. Koili wazi inaweza kuvumilia maji ya bomba ya Baricho, yasiyo ya chumvi, ila maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri, na mwenye kuoga anaanza kuchonyotwa vidole akishika mfereji. Tena fundi wake anaukata waya wa athi, ule wa kijani na njano unaopeleka umeme uliovuja ardhini, ati "unaleta shoti". Nyumba zina watoto hizo! Wafungwe wote wawili, na waogeshwe kwa shawa zao. Sheria ya kulinda watumiaji ipo tangu 2012, mbona kibanda bado kimesimama? Arudishe kila shilingi, na mzigo wote uchukuliwe.

Dalili? Ekstensheni ile. Wati 5,500 huvuta ampia 23, na plagi ya pini tatu mwisho wake ni 13. Shawa inayoshinda kutwa kwenye ekstensheni si 5,500. Tena pesa inakwenda kwa namba ya mtu, risiti hakuna, na mita haitaki iguse bidhaa yake.

Aliyekwisha kuifunga aizime kwenye swichi kuu, asioge kwayo hata kama imetulia. Aite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi: athi irudi, waya uwe wa milimita 4 za mraba, au 6 kukiwa mbali, breka ya ampia 32. Boksi asilitupe, ni ushahidi. Na Lamu kaeni macho, kasema mwenyewe mzigo unaofuata ni wenu.