Chai chini ya roshani: mgahawa wa Market Street, Tanga

Nimezaliwa Ngamiani, Barabara ya 9. Useremala ulinipeleka Morogoro, na kila baada ya miaka miwili mitatu narudi Tanga kuwaona ndugu zangu. Nikishasalimia, siku inayofuata navuka reli kwenda upande wa bahari kuangalia majumba. Safari hii nilikaa siku nne, na asubuhi zote nne nilikunywa chai kwenye mgahawa mmoja usio na bango, Market Street, chini ya ghorofa la zamani lenye roshani ya mbao.

Nianze na chakula, maana ndicho kinachouzwa. Mbaazi zao zinapikwa kwa tui zito na hazipondeki. Kila punje unaiona. Maandazi ya iliki yanaanza kutoka kwenye karai saa kumi na mbili na nusu, na kufikia saa mbili yale ya moto yamekwisha. Wahi. Chai ya maziwa ina tangawizi ya kweli. Kikombe kimoja, sahani ya mbaazi na maandazi matatu nililipa shilingi 2,500. Mchana kuna bada, yaani ugali wa muhogo, na hapo ndipo waliponikamata: limesongwa na mtu mwenye mkono, laini, halina donge hata moja, linaliwa na changu wa nazi. Siku ya tatu samaki alikuwa wa jana. Nilimwambia dada aliyenihudumia, akaondoa sahani bila ubishi, akaniletea kisamvu, na kwenye hesabu hakukitoza.

Sasa nyumba yenyewe. Safari iliyopita niliikuta imefungwa kwa mabati, mti umeota ukutani juu ya dirisha, na roshani imeinama upande mmoja kama mtu mwenye mguu mbovu. Nilisikia uchungu, kwa sababu marehemu baba alikuwa akinipakia kwenye baiskeli mtoto mdogo, tunavuka reli, ananinunulia chai mtaa huohuo. Safari hii nilisimama barabarani nikiangalia juu mpaka mwenye bajaji akanipigia honi. Roshani imenyooka. Aliyeitengeneza hakung'oa kila kitu. Amekata sehemu zilizooza tu, akaunganisha mvule mpya na mbao za zamani kwa mkato wa mshazari, na maungio ameyaficha upande wa chini ili maji yasitulie. Rangi mbili za mbao bado zinaonekana. Mimi naona ndivyo inavyopaswa. Ukarabati usidanganye umri wa nyumba.

Mzee mwenye mgahawa nilimpa shikamoo, nikamwambia mimi ni fundi. Alinivutia kiti. Tulizungumza habari ambazo kila mtu wa Tanga wa umri wetu anazijua kwa sehemu. Mji huu uliinuliwa na reli, iliyoanza kujengwa hapa mwaka 1893, na mkonge. Mwaka 1964 nchi ilizalisha tani 230,000 hivi za mkonge, kisha bei ikaporomoka, mashamba yakafa, na maduka ya katikati ya mji yakakosa wateja. Mwaka 1971 majumba mengi ya kupangisha yakataifishwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Waliokuwa wakiyapaka chokaa kila mwaka walihama mmoja mmoja, na anayepanga chumba kimoja hawezi kubeba paa zima. Baadaye hata mabasi ya mikoani yakahamishiwa Kange, nje ya mji, na abiria aliyekuwa akishuka mjini na njaa yake akawa anaishia huko.

Kinachorudisha watu sasa, kwa maneno ya mzee, ni bandari. Kina kimechimbwa hadi mita 13, na meli kubwa zinafunga gatini badala ya kutia nanga mbali na kushusha mzigo kwa matishari. Wafanyakazi wa bandarini na wa forodha wanahitaji chai asubuhi na wali mchana. Yeye alikuwa akiuza maandazi kwenye kibaraza cha jirani. Alipoona wateja wanazidi alikubaliana na mwenye nyumba: atengeneze chini kwanza, kodi ipungue, kisha roshani, kisha paa. Kidogo kidogo, kadiri karai linavyoingiza.

Mtaa wa pili kuna jengo la rika hilohilo lililokarabatiwa lote kwa mkupuo. Limepigwa lipu ya saruji juu ya ukuta wa mawe na chokaa, madirisha ya alumini, rangi ya krimu. Halina mpangaji hata mmoja, na chini tayari lipu inabanduka, kwa sababu ukuta wa chokaa hupumua na saruji inaufungia unyevu na chumvi ndani. Naomba sana wanaosimamia majengo haya wawaulize mafundi wa chokaa kabla ya kununua mfuko wa saruji. Wapo bado, ni wazee, na wengine hawana vijana wa kuwarithisha kazi.

Kasoro za mgahawa: meza ni tano tu, choo kiko nyuma kupitia jikoni, na mvua ikipiga kutoka baharini viti vya kibarazani vinaloa. Ijumaa wanafunga saa sita mpaka saa nane kwa ajili ya swala.

Siku ya mwisho mzee alinipandisha juu. Vyumba vitatu, sakafu ya mtiki, nzima kabisa chini ya vumbi. Anataka kuweka meza karibu na roshani, lakini ngazi imepoteza vidato vinne na mkono wa kushikia umelegea. Nilitoa futi yangu mfukoni, nikapima, nikamwandikia vipimo nyuma ya karatasi ya hesabu. Alinidai chai tu. Mbao nitazipasua Morogoro, nizilete Idi ijayo.