Wakala wa yaya: kasi nzuri, mkataba mbovu

Nimetumia huduma ya wakala mmoja wa kutafuta yaya kwa miezi minane sasa, na ingawa naandika nikiwa mwajiri, lawama zangu nyingi zinatokana na yale aliyotendewa yaya. Kwa kasi, hawana mpinzani. Nilipeleka ombi Jumatatu, na Alhamisi dada alikuwa sebuleni kwangu, akiwa na barua mbili za waajiri wa zamani na cheti cha kupimwa afya, huku mwanangu wa miezi tisa, asiyekubali kubebwa na mgeni, ametulia begani kwake.

Ubovu uko kwenye karatasi. Mkataba tuliosaini ulikuwa wa ukurasa mmoja, na mbele ya neno "majukumu" paliandikwa: "kulea mtoto na kazi nyingine atakazopangiwa." Nakiri kwamba maneno hayo yalinifaa. Mwanzoni kazi hizo nyingine zilikuwa kuosha chupa za mtoto. Baadaye zikawa nguo za mtoto. Kufikia mwezi wa nne zilikuwa nguo zetu sote pamoja na mashuka. Siku moja nilirudi nikamkuta anapiga pasi shati la mume wangu, mtoto yuko mgongoni analia, nami bila haya nikauliza kwa nini mtoto hajalala. Hakunijibu. Usiku alikuja na nakala yake ya mkataba, akaweka kidole juu ya neno "kulea", akasema, "Mama, mimi niliambiwa ni mtoto tu." Mimi niliambiwa anafanya kila kitu. Wakala alikuwa amemwambia kila mmoja wetu kile alichopenda kusikia.

Mkataba Na. 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011, unataka mfanyakazi wa nyumbani aelezwe kwa namna anayoielewa aina ya kazi yake, ujira, saa za kazi na mapumziko, na mapumziko ya wiki yasipungue saa 24 mfululizo. Si nchi zote zilizouridhia, lakini ofisi inayoishi kwa kuunganisha watu na kazi ingeweza angalau kuviweka vipengele hivyo kwenye fomu yake. Yetu ilisema mapumziko yatakuwa "kwa makubaliano", na sijui mtu anayelala nyumbani kwa bosi wake anakubaliana naye vipi.

Jambo lililoniudhi zaidi ni ada. Nililipa ada sawa na mshahara wa mwezi mmoja, nikiamini nimemaliza. Kumbe dada naye alikuwa akiwatumia sehemu ya mshahara wake kila mwezi, kwa miezi sita, kama malipo ya kutafutiwa kazi. Mkataba huohuo wa kimataifa, katika kifungu cha 15, unataka ada za mawakala zisikatwe kwenye ujira wa mfanyakazi. Muda wote huo alipokuwa akiniomba nimlipe kabla ya mwisho wa mwezi, nilimwona hajui kutunza fedha, na nililisema hilo mbele ya wageni.

Nilipowapigia simu kulalamika, msemaji wao, ambaye hakukumbuka jina la dada, aliniuliza: "Yule msichana wako amekushinda? Tunakubadilishia bure." Msichana huyo ana miaka 34 na watoto wawili.

Sikubadilishiwa. Tulikaa mezani, tukaandika karatasi yetu: kazi za mtoto zimetajwa moja moja, nguo zetu zimeondolewa, mshahara umeongezwa, na kuanzia Jumamosi jioni hadi Jumapili jioni simu yangu haimtafuti. Wakala nawapa nyota mbili kati ya tano, moja ya kasi na nyingine ya uchunguzi wa afya. Nimewatumia nakala ya karatasi hiyo pamoja na dai la kumrudishia dada fedha zake. Wamejibu kwa kunitumia tangazo la punguzo la ada kwa yaya wa pili.