Kuchapisha kijitabu cha mashairi mafupi Mwanza: kazi ya mashine safi, mpangilio wa kusimamia mwenyewe

Steshenari hii ya katikati ya jiji inachapa vizuri. Mashine ni ya leza, na wino wake wa unga hautapakai hata kijitabu kikishikwa na mikono yenye majimaji kivukoni. Kurasa 32 za A5 zinatoka kwenye karatasi 8 za A4 zilizochapwa pande mbili na kukunjwa. Nakala 50 ni karatasi 400, hivyo rimu moja inatosha na 100 zinabaki. Karatasi ngumu za jalada zinahesabiwa kando.

Tatizo ni mpangilio. Mchapaji akikuta ukurasa una mistari mitatu anaona karatasi inapotea, basi anabananisha. Tazama mistari hii:

Jina langu
limo katika sauti ya mama
akiniita nikaanue dagaa

Iweke kwenye mstari mmoja, inageuka taarifa ya kawaida. Ule mkato wa mstari baada ya "jina langu" ndipo msomaji anapolikumbuka lake, na nani alikuwa akimwita. Shairi la mizani 16 huvumilia kubananishwa, kwa kuwa vina vya kati na vya mwisho vinaonyesha pa kupumua. Shairi huru fupi linategemea mkato na weupe wa karatasi. Ukiviondoa, umeliua.

Kwa hiyo usiwape kazi ya kuchapa herufi. Peleka faili la PDF kwenye fleshi, shairi moja kwa kila ukurasa, na lipangwe kwa A5 tangu mwanzo. Likipangwa kwa A4 halafu likapunguzwa, herufi za ukubwa wa 12 zinashuka hadi 8.5 hivi, mateso kwa macho ya wazee. Waambie pia kwamba katika kuchapa pande mbili karatasi igeuziwe upande mfupi; wakichagua mrefu, kurasa za nyuma zinatoka kichwa chini. Toa nakala moja ya majaribio na uifunue katikati: ukurasa wa 16 na wa 17 lazima zitazamane.

Kubana wanabana kwa stepla ya kawaida, ambayo haifiki kwenye mkunjo, kwa hiyo pini inakaa pembeni na kijitabu hakifunguki sawasawa. Isitoshe, kwa unyevu wa ziwa pini huota kutu. Chukua karatasi zikiwa zimekunjwa tu, toboa matundu matatu kwenye mkunjo, kisha shona kwa uzi mwembamba wa nyavu, ukianzia tundu la kati kwa ndani na kufunga fundo hapohapo.